Namna ya kujaribu mfumo mpya bila kuiweka kazi yako rehani

Usiku wa kuamkia Jumamosi moja ya Agosti 2016 nilisimama getini kwenye yadi ya makontena, Shimanzi, nikihesabu taa za trela. Trela zilikuwa 41, zote zimeshapakiwa, na hakuna hata moja iliyoweza kutoka. Mfumo mpya wa geti, niliouongoza mimi, ulikuwa unakataa kontena moja baada ya jingine. Madereva walikuwa wameshuka, wengine wamejilaza chini ya trela, wengine wamenizunguka wakiuliza swali lilelile: "Madamu, tunatoka saa ngapi?"

Mambo yalianza kwenda kombo saa nne usiku. Mkurugenzi wangu nilimpigia simu saa tisa. Kukwama kwenyewe nimeshakusamehe, maana mifumo hukwama. Zile saa tano ndizo zinazonirudia hadi leo, na mengi nitakayokueleza hapa yametoka ndani ya saa hizo.

Nimefanya kazi hii miaka 19, yote hapa Mombasa, na sasa ni mkuu wa TEHAMA wa kampuni inayohudumia mizigo. Vijana waliopandishwa vyeo juzijuzi huja kuniuliza jambo moja kwa namna mbalimbali: bodi inataka mambo mapya, lakini mimi nina mkopo wa nyumba na watoto wawili shuleni, likiharibika nitaenda wapi? Swali hilo ni la haki. Wanaowajibu kwamba wawe majasiri wanawadanganya. Haya ndiyo ninayowaambia mimi.

Tenganisha kushindwa na kuumbuka

Kabla ya kikao chochote, kaa peke yako na karatasi uandike unachoogopa. Usiandike "naogopa mradi utafeli", kwa sababu sentensi hiyo haikuonyeshi pa kuanzia. Andika kwa ukamilifu: naogopa bili zitatoka na namba zisizo sahihi, naogopa muuzaji wa programu hatakuwa na fundi usiku, naogopa mwenyekiti wa bodi ataniuliza mbele za watu kwa nini sikujua.

Kisha gawa ulichoandika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kushindwa: kitu hakifanyi kazi, fedha zinapotea, magari yanachelewa. La pili ni kuumbuka: watu wanagundua kwamba ulijua ukanyamaza, au uliahidi usichokuwa na uhakika nacho. Lugha yetu imeyapa mambo haya maneno mawili tofauti kwa sababu ni mambo mawili, lakini tukiwa ofisini tunayachanganya. Kushindwa huwezi kukufuta kabisa. Kuumbuka unakutengeneza mwenyewe, kwa mkono wako, na mara nyingi unakutengeneza ukiwa mbioni kukukimbia kushindwa.

Hebu nikueleze kilichotokea getini. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba. Tarakimu ya mwisho, ile ambayo mara nyingi huchorewa kisanduku ubavuni mwa kontena, hupatikana kwa hesabu ya herufi na tarakimu zilizotangulia, ili mtu akinakili vibaya kompyuta igundue. Makarani wetu kwa miaka walikuwa wakiandika tarakimu sita tu, wakiacha ile ya kisanduku, kwa vile mfumo wa zamani haukuijali. Mfumo mpya uliitaka. Majaribio tuliyafanya kwa orodha safi zilizotoka kwa kampuni za meli, zenye tarakimu zote saba, kwa hiyo kila kitu kilipita vizuri kabisa. Siku ya siku, kontena zilizokuwa yadini zilikuwa na namba pungufu kwenye rekodi zetu, na mfumo ukasema hauzitambui.

Na nilikuwa nimeambiwa. Wiki mbili kabla, karani mmoja kijana wa zamu ya usiku aliniambia kwa adabu, "Madamu, sisi ile namba ya kwenye kisanduku hatuiandiki." Nikamjibu tutaliangalia. Sikuliangalia, kwa sababu nilikuwa nimeshaitajia bodi tarehe, na kuisogeza kulimaanisha kurudi kusema sikuwa tayari.

Tazama hofu ilivyofanya kazi yake. Watu hudhani hofu humzuia mtu kujaribu. Mimi haikunizuia. Ilinifanya nijaribu vibaya: geti zote tatu kwa usiku mmoja, mfumo wa zamani umezimwa, na masikio yangu yamezibwa. Ukishaona hofu inakusukuma kuharakisha, kukuza, au kunyamaza, simama hapo hapo.

Taja bei mapema, na bei hiyo itiwe saini

Kama utachukua jambo moja tu kutoka kwangu, chukua hili. Hasara ambayo bosi wako aliikubali kabla ya kuanza ni gharama ya kazi. Hasara ileile, kwa kiasi kilekile, ikimfikia bila kutajwa, inakuwa kosa lako. Kwa hiyo bei ya kushindwa itaje wewe, mapema, kwa maandishi.

Barua ninayotumia haizidi ukurasa mmoja. Hii ni ya 2019, nilipokuwa kampuni nyingine, na nimeiandika upya bila vitu vya ndani:

"Tunataka kujaribu tableti kwenye geti la pili badala ya kadi za karatasi, kwa wiki sita kuanzia Jumanne. Fedha hazitazidi shilingi 380,000. Jaribio likishindwa, zote zitakuwa zimepotea, na hasara ni hiyo. Gari lolote likicheleweshwa zaidi ya dakika 40 kwa sababu ya mfumo, tunarudi kwenye kadi papo hapo. Anayeamua kurudi ni msimamizi wa zamu, na haombi ruhusa kwa mtu. Mwisho wa wiki ya sita tutaleta jibu: tuendelee, tubadilishe, au tuache. Tukibaki na kadi kama tulivyo sasa, saa za kazi zinazopotea kutafuta kadi zilizopotea ni hizi hapa chini."

Mkurugenzi, mzee wa makamo aliyeanzia kazi kwenye maghala, aliisoma mara mbili. Akaniuliza, "Sasa binti yangu, mbona unaniletea matanga kabla ya maradhi?"

Nikamwambia, "Mzee, ukijua leo kikubwa utakachopoteza ni 380,000, kesho hutashtuka. Na mimi sitakuwa na sababu ya kukuficha."

"Na nikikunyima?"

"Tutaandika kwamba tumeamua kubaki na kadi, na kadi zinatugharimu kiasi hiki kila mwezi. Uamuzi utakuwa wetu sote."

Akatia saini. Ile sentensi ya mwisho ya barua, kuhusu gharama ya kubaki, ndiyo wengi huisahau. Kutobadilika hakuombewi ruhusa na mtu yeyote, kwa hiyo kunaonekana hakuna bei. Kuna bei. Iandike kando ya bei ya kujaribu, kwa shilingi au kwa saa, na usiitie chumvi. Ukitia chumvi mara moja, barua zako zote zijazo zitasomwa kwa shaka.

Wapo watakaokwambia kwamba ukitaja kushindwa mapema unaonekana hujiamini. Sikubaliani nao hata kidogo. Nahodha anayeeleza penye mwamba kabla ya kung'oa nanga ndiye abiria wanayemwamini.

Usichukue neno la muuzaji likawa lako

Hapa nataka ukae kidogo, maana ndipo kazi za watu wa cheo chetu hupotelea.

Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza iliwahamisha wateja wake, zaidi ya milioni tano, kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Data ilihama salama, lakini mfumo wenyewe ukaelemewa. Hadi watu milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Mkurugenzi mkuu aliondoka Septemba mwaka huohuo. Desemba 2022 benki ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65, na 2023 aliyekuwa mkuu wa teknolojia naye akatozwa faini yake binafsi, pauni 81,620, kutoka mfukoni mwake.

Soma vizuri sababu ya faini hiyo ya mtu mmoja. Hakuadhibiwa kwa kujaribu jambo jipya. Wasimamizi wa mabenki walisema hakuchukua hatua za kutosha kuhakikisha kwamba benki inamsimamia ipasavyo yule aliyepewa kazi ya kuujenga na kuuendesha mfumo. Aliambiwa tuko tayari, na neno hilo likapanda juu.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia tuko tayari, muulize umejaribu kwa data ya nani, kwa magari mangapi kwa saa, na nani atakuwa hapa saa nane usiku, kwa jina na namba ya simu. Jibu likiwa zuri, liweke kwenye faili. Likiwa baya, lipeleke kwa bosi siku hiyohiyo. Mimi kwenye geti la 2016 nilikuwa na barua ya muuzaji inayosema majaribio yamefaulu. Ilikuwa kweli tupu: yalifaulu kwa orodha safi. Kosa la kutouliza orodha imetoka wapi lilikuwa langu.

Mwaka 2024 nilijifunza somo lilelile upande mwingine. Sisi wa Mombasa tunaishi mlangoni pa intaneti ya Afrika Mashariki. SEACOM na TEAMS, nyaya za intaneti za chini ya bahari, ziliingia hapa 2009, EASSy mwaka uliofuata. Ofisi yangu ilikuwa na mikataba miwili na kampuni mbili za intaneti, na kwenye ripoti zangu niliandika kwa raha kwamba moja ikikatika tunayo ya pili. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na kwingineko. Intaneti zetu zote mbili zikazorota pamoja. Kumbe bili zilikuwa mbili, njia chini ya bahari ni moja. Sasa nauliza kwa maandishi: trafiki yetu inapita waya gani, na huo ukikatika inapita wapi?

Chombo kipya hakianzii Pemba

Baba yangu alikuwa fundi wa kalafati, Mji wa Kale. Kazi yake ilikuwa kuziba nafasi kati ya mbao za jahazi kwa pamba na mafuta. Chombo kikitoka mikononi mwake alikuwa hakubali kiende mbali siku ya kwanza. Kilipakiwa farumi, mawe tu ya kukitia uzito, kikatembezwa ndani ya hori ya Tudor wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana. Yeye mwenyewe alikuwa akikaa chini kwenye ngama, tumboni mwa chombo, kiganja kwenye mbao, akisikiliza. Palipovuja alipaona akiwa umbali wa kupiga kasia kutoka nyumbani. Hakungoja bamvua, siku za maji makubwa, na hakupakia karafuu za mtu.

Fanya vivyo hivyo. Geti moja, si matatu. Wateja wachache unaoweza kuwapigia simu mmoja mmoja. Mzigo ambao ukipotea haumuumizi mtu. M-Pesa yenyewe, kabla ya kuzinduliwa Machi 2007, ilijaribiwa kuanzia Oktoba 2005 kwa wateja mia chache wa taasisi ya mikopo midogo. Iliundwa ili watu walipe mikopo kwa simu. Katika jaribio hilo wateja wakaanza kuitumia kutumiana pesa, na taasisi ya mikopo ikaona hesabu zake zinakuwa ngumu. Ukiipima kwa lengo la mwanzo, jaribio lile lilikwama. Kwa sababu lilikuwa dogo, wenyewe walipata nafasi ya kutazama watu wanafanya nini hasa, wakazindua kitu kingine. Na ifahamike pia kwamba huduma iliyofanikiwa hapa ilifungwa Afrika Kusini 2016 kwa kukosa watumiaji wa kutosha. Mafanikio ya jirani hayakuondolei haja ya farumi.

Wakati wa jaribio, mfumo wa zamani uuache hai. Karani ataandika mara mbili kwa wiki kadhaa, atalalamika, na ana haki. Mlipe saa za ziada. Ni bei ndogo, iweke kwenye ile barua.

Chagua siku. Ijumaa hapana: mchana nusu ya watu wako msikitini, jioni fundi wa muuzaji kule Nairobi amefunga ofisi, na ukikwama unakwama mpaka Jumatatu. Kumi la mwisho la Ramadhani hapana. Wiki ya Krismasi hapana. Mimi huanza Jumanne asubuhi, saa mbili na nusu, baada ya chai na kabla jua halijawa kali yadini, kwa sababu mtu aliyeshiba na asiyeunguzwa na jua anakuambia ukweli kwa utulivu.

Yapo ya kutojaribia kabisa: pesa za wateja zinazotembea, nyaraka za forodha, na taarifa binafsi za watu. Ukitaka data ya kujaribia, tengeneza nakala iliyofutwa majina, namba za vitambulisho na simu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 endapo taarifa za watu zimeingia mikononi isivyostahili na kuna hatari ya kweli kwao. Hofu unayoisikia hapa iache ilivyo. Inakufaa.

Nani atasema rudisha?

Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa, iitwayo Knight Capital iliweka programu mpya kwenye seva zake nane. Saba zilipata, moja ikasahaulika na kubaki na ya zamani. Soko lilipofunguliwa, ile seva moja ikaanza kununua na kuuza bila kusita. Kwa dakika 45 hivi kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440. Na mafundi, katika kuhangaika, waliiondoa programu mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa sawa, wakazifanya zote ziharibike kama ile ya nane. Hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wazuri wanaoamua chini ya moshi, bila utaratibu uliokubaliwa kabla.

Ndiyo maana jina la anayesimamisha liandikwe mapema, na lisiwe lako. Wewe una tarehe uliyoiahidi. Moyo wako utatafuta sababu ya kungoja robo saa nyingine, kisha nyingine. Mpe mtu aliye karibu na mzigo, asiyepata sifa jaribio likifaulu. Mpe kipimo kisicho na ubishi, kama zile dakika 40. Mpe neno moja. Sisi tunatumia "rudisha". Likisemwa kwenye redio za mkononi, kila mtu anajua la kufanya, na maswali yanaulizwa baadaye. Kisha fanyeni mazoezi ya kurudi kabla ya kuanza, angalau mara mbili, huku ukipima muda. Zamu yetu ya kwanza ya mazoezi ilichukua dakika 55 kurudi kwenye kadi, kwa sababu kadi zilikuwa zimefungiwa kabatini na mwenye ufunguo alikuwa Likoni, upande wa pili wa feri. Kipimo kilikuwa dakika 40. Tulilijua hilo siku ya mazoezi.

Na siku ya kwanza neno hilo likisemwa, tazama uso wako. Ukikunja uso hata mara moja, halitasemwa tena.

Ngoja "lakini"

Tatizo la kupata habari mapema kwetu lina sura yake. Mtu akiamkiwa hapa Pwani hujibu kwanza salama. Mwenye mgonjwa nyumbani atasema, "Salama, lakini mtoto homa inampanda." Mwenye msiba naye ataanza na salama. Ni adabu, na nzuri. Ofisini, kiongozi anayeuliza "Kuna shida?" hupata sehemu ya kwanza ya salamu, "Hakuna, madamu", kisha anageuka na kwenda zake kabla ya "lakini".

Nimebadilisha swali. Siulizi kama kuna shida. Nauliza, "Jana usiku ni kitu gani kilikuchukulia muda zaidi?" au "Ni hatua gani mnairuka?" Swali la pili ndilo lingeniokoa 2016. Makarani, machoni pao, hawakuwa wakifanya kosa. Waliruka tarakimu isiyo na kazi. Ukiwauliza kuhusu makosa hawatakutajia kwa sababu kwao si kosa. Kisha baada ya swali, nyamaza. Ni vigumu kwangu, mimi ni mtu wa maneno, lakini nimejifunza kuhesabu hadi kumi moyoni.

Nenda mwenyewe zamu ya usiku, angalau mara moja kwa wiki wakati wa jaribio. Ofisini watu hukuletea mambo yaliyopigwa pasi. Getini, saa nane usiku, na kikombe cha kahawa chungu mkononi, utaambiwa yalivyo.

Na aliyekuletea habari mbaya mshukuru mbele za wenzake, siku hiyohiyo, kwa jina. Sio mwisho wa mwaka.

Likiharibika

Nusu saa. Huo ndio muda wako wa kumjulisha mkubwa wako, hata kama hujui sababu. Ujumbe wangu una mistari minne: kimetokea nini, kimemgusa nani, tunafanya nini sasa, nitakupigia tena saa ngapi. Mfano: "Geti la pili limekwama saa 3:10 asubuhi. Magari sita yanasubiri. Tumerudi kwenye kadi. Nitakupigia saa 4." Usieleze sababu unayoikisia. Ikibadilika utaonekana unageuza maneno. Na hiyo saa 4 uliyoahidi, piga, hata kama huna jipya.

Mkikaa kuchunguza, uliza njia iliyopitiwa, hatua kwa hatua, kwa saa na dakika. Usiulize nani. Lakini ukiwa kiongozi, sehemu yako itaje kwa kinywa chako kabla haijatajwa na mwingine: niliambiwa wiki mbili kabla, sikufuatilia. Niliposema maneno hayo 2016, yalikuwa yamechelewa siku tatu, kwa kuwa nilianza kwa kuwatetea mafundi wangu na kumlaumu muuzaji. Nilipewa barua ya onyo. Miezi minne baadaye niliondoka mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyeniamini tena na tarehe.

Linda nyumba yako pia

Hili nitalisema kwa ufupi ingawa ndilo huwaondolea watu usingizi. Weka akiba ya miezi sita ya matumizi ya nyumbani, mahali unapoweza kuichukua ndani ya siku chache. Hisa za sacco hazifai kwa kazi hii. Mara nyingi zinashikilia mkopo wako au umemdhamini mwenzako, huwezi kuzitoa kwa haraka. Mimi nilianza na shilingi elfu kumi kwa mwezi na ilinichukua miaka. Mwambie mwenzi wako kwamba unaanza jambo lenye hatari, na bei yake. Nilimficha wangu 2016, na ile barua ya onyo ikawa habari mbili.

Ijue sheria. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kukuachisha kazi kwa utendaji duni au utovu wa nidhamu, akueleze sababu kwa lugha unayoielewa na akusikilize, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama chako. Hapo ndipo ile barua yenye saini inapokuwa na thamani. Tunza nakala za barua zako za idhini kwa njia halali. Data ya kampuni usiibebe kwenda nyumbani kwa kisingizio cha kujilinda.

Na nywila za mfumo zisiwe kwako peke yako. Wapo wanaodhani kwamba kuwa wao tu ndio wenye ufunguo kunawalinda wasifukuzwe. Kinachotokea ni kwamba hawawezi kupandishwa cheo wala kuugua.

Yule karani wa zamu ya usiku nilimtafuta 2019, nikamuomba msamaha, kisha nikamuajiri. Leo ni msimamizi wa zamu na neno la "rudisha" liko kwake. Juzi nilipeleka kwa mkurugenzi barua ya jaribio jipya, kamera za kusoma namba za kontena getini, tarakimu zote saba. Bei niliyoandika ilikuwa shilingi 900,000. Ameirudisha jana, amekata kwa kalamu nyekundu na kuandika 600,000, na pembeni: "Hizi nikizipoteza nitalala." Tumepunguza kamera moja. Tunaanza Jumanne, geti la pili.